Death: Ndugu Watatu wa Detroit Waliokataa Kubadilisha Jina

Tuanze na namba moja: 500. Hizo ndizo nakala za santuri ambazo bendi ya Death ilitoa mwaka wa 1976, kwa pesa yao wenyewe, chini ya lebo yao wenyewe waliyoiita Tryangle. Upande mmoja "Politicians in My Eyes", upande wa pili "Keep on Knocking". Nakala mia tano kwa Marekani nzima. Kuna shule za upili hapa kwetu zenye wanafunzi wengi kuliko hizo. Baada ya hapo, kimya cha zaidi ya miaka 30.

Na sahi, mazee, ukiingia mtandaoni unapata watu wakiwaita mababu wa panki. Kuna filamu juu yao. Kuna fulana. Kuna vijana wa miaka 19 wamechora nembo yao kwa mkono. Mimi nataka tuongee juu ya kile kilichotokea hapo katikati, juu hiyo sehemu ndiyo watu huruka mbio wakifika kwa utamu wa mwisho.

Wasee wenyewe ni ndugu watatu wa tumbo moja: David Hackney kwa gitaa, Bobby kwa besi na sauti, Dannis kwa dramu. Weusi, wazaliwa wa Detroit, wamelelewa kanisani. Hadithi ya familia inasema mwaka wa 1964 baba yao aliwakalisha mbele ya televisheni wawatazame Beatles kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na haikuchukua muda David akaokota gitaa lililotupwa kwa uchochoro. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Mwaka wa 1971 wakaanzisha bendi nyumbani kwao. Jina la kwanza lilikuwa Rock Fire Funk Express, na walikuwa wanapiga fanki, vile ungetarajia. Kumbuka hii ni Detroit, mji wa Motown. Ukiwa kijana mweusi pale na unajua kushika ala, njia ilikuwa imeshachorwa: suti zinazofanana, hatua za densi, mapenzi kwa kila beti. Lakini David akaenda kuona The Who wakipiga jukwaani, na Dannis akamwona Alice Cooper, na fanki ikaishia hapo. David akasema sisi sasa tunapiga roki. Kali, ya kasi, gitaa linanguruma kama lori limepoteza breki.

Hapa lazima nisimame kidogo, juu najua kuna msee anasoma akisema, "Si roki ni ya wazungu?" Hilo swali nimelisikia tangu nikiwa darasa la saba. Nilisikia kwa matatu, nikasikia kwa mabinamu, nikasikia kwa mchungaji aliyeongeza kwamba pia ni ya shetani. Roki ilitengenezwa na watu weusi. Chuck Berry, Little Richard, Bo Diddley, na kabla yao Sister Rosetta Tharpe, mama wa kanisa aliyeshika gitaa la umeme na kulipiga vile wanaume wengi hawangeweza. Ilichofanya biashara ya muziki Marekani ni kugawanya rafu. Redio za weusi huku, redio za wazungu kule. Ilipofika miaka ya sabini, mtoto mweusi akipiga roki alionekana kama anaiga kitu cha wenyewe, ilhali kitu kilitoka kwa babu yake. Jimi Hendrix alikufa 1970, na hata yeye ilibidi aende Uingereza kwanza ndiyo nyumbani wamsikie.

Kwa hivyo ndugu wa Hackney wanafanya mazoezi nyumbani kwa wazazi, mtaa wa weusi, na majirani wanauliza hizi kelele za wazungu zinatoka wapi. Wangeuliza majirani wa kizungu, wangeambiwa weusi hawapigi hivi. Hakuna rafu yao.

Halafu baba yao akafa. Dereva mlevi alimgonga. Hii ndiyo sehemu inayofanya jina lieleweke. Watu wakisikia Death wanafikiria mafuvu, damu, nyuso zilizopakwa rangi. David alikuwa anafikiria kinyume kabisa. Alikuwa mtu wa kiroho sana, na kifo cha baba kilimfanya aone kwamba kifo ni safari kama kuzaliwa, kitu halisi ambacho kila mtu atakifikia, na hakuna sababu ya kukiogopa. Akataka kulichukua neno lenyewe aligeuze liwe na maana nzuri. Akachora nembo: duara tatu ndani ya pembetatu, kwa ajili ya roho, akili na mwili, na duara ya nne pembeni inayoongoza zile tatu, yaani Mungu. Sasa wewe jaribu kueleza hayo yote kwa meneja wa redio ukiwa na dakika mbili.

Lakini walipata nafasi. Mwaka wa 1975 walichukuliwa na Groovesville, kampuni ya Don Davis, wakaingia United Sound, studio kubwa ya Detroit ambapo watu kama Funkadelic walikuwa wanarekodi. Wakafanya nyimbo saba. Saba tu, ingawa mpango ulikuwa albamu nzima ya nyimbo kumi na mbili hivi. Na ukizisikia leo, bado zinauma. Zote saba kwa pamoja hazifikishi nusu saa. "Politicians in My Eyes" inachukua karibu dakika 6 ikiwashukia wanasiasa, na imepigwa na vijana waliokua wakati Marekani inapeleka wenzao Vietnam kwa makundi. Dannis kwenye dramu hapo si mchezo. Bobby anaimba kama mtu anayekimbizwa.

Sasa, mkataba. Kulingana na familia, Clive Davis, mmoja wa wakubwa kabisa wa muziki Marekani, alizipenda zile nyimbo na alikuwa nyuma ya pesa ya kurekodi. Huyu si mtu mdogo. Huyu ndiye aliyekuja baadaye kumtoa Whitney Houston. Sharti lake lilikuwa moja tu: badilisheni jina. Mkibadilisha, twende kazi.

David akakataa.

Bobby na Dannis walitaka kukubali. Hili wamelisema wenyewe wazi baada ya miaka mingi. Walikuwa vijana wadogo, pesa iko mezani, na ni jina tu. Lakini David alikuwa kaka mkubwa kati yao, ndiye aliyeota ndoto yote, na msimamo wake ulikuwa kwamba ukimpa mtu jina lako umempa kila kitu, kinachofuata ni kukuchagulia nyimbo na nguo. Wadogo zake wakasimama naye. Mkataba ukapotea, nyimbo tano zilizobaki hazikurekodiwa, na kilichobaki ni kanda.

Ukitaka kujua uchungu wa hiyo hesabu, angalia hii. Mwaka wa 1976, mwaka uleule Death wanatoa nakala zao 500, Don Davis yuleyule alikuwa na wimbo aliomtengenezea Johnnie Taylor, "Disco Lady", ambao ulikuwa singo ya kwanza kabisa kupewa cheti cha platinamu Marekani. Mlango mmoja, mtu mmoja. Disko ikaingia, roki ya weusi ikabaki nje kwa baridi.

Huku mtandaoni kila mtu anampenda David kwa ajili ya ile "hapana". Kuna picha zake zenye maneno ya kutia moyo, ati usiuze roho, ati simama na maono yako. Na mimi nimeshindwa kuisoma hivyo. Mwaka jana kampuni moja, sitaitaja, ilinitaka nibadilishe jina la ukurasa huu ndiyo wanipe kazi ya matangazo, ati lilikuwa linasikika kihuni. Niliacha chuo, sina mshahara, kodi ya keja inakuja kila tarehe tano. Nilikaa na ile ujumbe siku nne. Sitasema niliamua vipi, si hoja. Ninachosema ni kwamba ukiwa ndani ya hizo siku nne, zile picha za kutia moyo hazisaidii. Unaanza kufikiria watu wengine wanaokula kwa huo uamuzi wako. David hakukataa peke yake. Alikatalia na wadogo zake wawili.

Na hata tukisema angekubali, kwani mnadhani wangetoboa? Mimi sina uhakika huo watu wengine wanao. Jina lilikuwa kikwazo, ndiyo, lakini chini ya jina kulikuwa na kikwazo kikubwa zaidi ambacho hakuna kalamu ingefuta. Mwite Death, mwite Maua Mazuri, bado ni vijana watatu weusi wa Detroit wanaopiga roki ya kasi mwaka wa 1975. Redio za souli hazingewapiga. Redio za roki zingeona picha yao na kuweka santuri chini. Motown yenyewe ilikuwa imeshahamia Los Angeles tangu 1972, na mji ulikuwa unapoteza kazi za viwanda. Jina lilikuwa kisingizio rahisi cha kukataa kitu ambacho hakikuwa na mahali. Ndiyo sababu sipendi hadithi hii ikielezwa kama ya mtu mmoja mkaidi.

Basi, mwaka wa 1977 ndugu wakahama Detroit, wakaenda Burlington, Vermont. Kama hujui Vermont, ni jimbo dogo la milima na theluji huko kaskazini mashariki, moja kati ya majimbo yenye wazungu wengi zaidi kwa asilimia nchini kote. Wakabandika mabango ya Death mjini, watu wakashtuka. Unaona vile ilikuwa itashtua. Safari hii jina likabadilika kweli, wakawa The 4th Movement, na muziki ukawa roki ya injili. Walitoa albamu mbili mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watu wa kanisa wakaona ni roki sana, watu wa roki wakaona ni kanisa sana. Ni kama wasee hawa walikuwa na kipaji cha kuanguka katikati ya viti viwili kila mahali walipoenda.

Mwaka wa 1982 David akarudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki Vermont, walikuwa na maisha pale, familia zinaanza. Hapo bendi ya ndugu watatu ikaisha bila ugomvi wowote mkubwa. Hakuna ngumi, hakuna kesi mahakamani kama zile za ndugu wengine wa roki tunaowajua. Umbali tu. Wale wawili wakaanzisha bendi ya rege inayoitwa Lambsbread, wakapiga rege kwa miaka na miaka kule kwenye theluji. Mimi hufikiria mara kwa mara kwamba hao wangeletwa Nairobi wangejaza ukumbi Jumapili bila hata kubandika bango, lakini hayo ni mawazo yangu ya usiku.

David kule Detroit aliendelea kurekodi vitu vyake. Hakupata watu. Ulevi ukamsumbua. Mwaka wa 2000 saratani ya mapafu ikamuua. Lakini kabla ya hapo alifanya jambo moja: alimkabidhi Bobby zile kanda asili za mwaka wa 1975, akamwambia azitunze, kwa sababu siku moja dunia itakuja kuzitafuta. Bobby akazipeleka kwake akazihifadhi kwenye dari. Na hakuwaambia watoto wake chochote. Kwao baba alikuwa msee wa rege.

Hapo ndipo wale wakusanyaji wa santuri walipoingia. Kuna watu dunia hii kazi yao ni kuchimba masanduku ya santuri zilizosahaulika, na zile nakala 500 zilikuwa zinauzwa kati yao kwa mamia ya dola moja. Kufika mwaka wa 2008, nyimbo zilikuwa zimewekwa mtandaoni. Mtoto mmoja wa Bobby, Julian, akiwa California, akasikia watu wanapiga hii bendi ya ajabu ya zamani ya Detroit kwenye pati. Akasikiza vizuri. Ile sauti aliijua. Ni sauti iliyomlea. Hebu jiweke hapo: umeenda pati, wasee wanarukaruka, halafu unagundua anayepiga kelele kwenye spika ni baba yako, na hajawahi kukwambia.

Yeye na ndugu zake wakaunda bendi yao, Rough Francis, jina walilolichukua kutoka kwa kazi za mwisho za amu yao David, wakaanza kuzipiga zile nyimbo jukwaani Burlington. Tena ni ndugu watatu, watoto wa Bobby. Mwaka wa 2009 lebo ya Drag City ya Chicago ikatoa zile nyimbo saba kama albamu, "...For the Whole World to See", na gazeti la New York Times likaandika makala kubwa juu yao. Bobby na Dannis wakaifufua Death, na nafasi ya gitaa ikachukuliwa na Bobbie Duncan kutoka Lambsbread. Filamu, "A Band Called Death", ikafuata mwaka wa 2012. Wakatoa hata albamu mpya, "N.E.W.", mwaka wa 2015.

Sasa kuhusu hii "panki kabla ya panki" ambayo kila mtu anaiimba. Ni kweli kwamba Death walirekodi 1975, na albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka 1976. Ni kweli ukiziweka pamoja utasema hawa ni wa familia moja. Lakini Ramones hawakuwasikia Death. Hakuna aliyewasikia Death, hiyo ndiyo shida yenyewe. Na Detroit tayari ilikuwa na MC5 na Stooges waliokuwa wamepiga kelele mwisho wa miaka ya sitini, kwa hivyo David hakutoa vitu hewani, alikuwa mtoto wa mji wake. Mimi naona tukiwaita waanzilishi tunafunika kilichotokea. Mwanzilishi ni mtu aliyefuatwa. Hawa walizuiwa kufuatwa. Kuna bendi ngapi za vijana waliosikia Death mwaka wa 1976 na kuanza kupiga? Sifuri, juu hawakuwahi kupewa nafasi ya kuzisikia. Kuna mtoto fulani mweusi wa Chicago au Atlanta aliyekuwa na gitaa chumbani akidhani yuko peke yake duniani, na kumbe hakuwa. Hiyo ndiyo hasara, na sherehe ya 2009 haiwezi kuirudisha nyuma.

Pia kuna hii tabia yetu ya kupenda wasanii wakishakufa. David alikuwa hai mwaka wa 1985, alikuwa hai mwaka wa 1995, akiwa Detroit, na gitaa lake. Ilikosa miaka minane tu. Bobby akiongea juu yake kwenye ile filamu sauti inamkatika, na unaelewa haongei juu ya hadithi ya muziki. Anaongea juu ya kaka aliyemwambia kitu, akakiweka kwenye dari, na kikawa kweli mtu mwenyewe akiwa hayuko.

Kitu kimoja hunichekesha, lakini. Lile jina ambalo lilikuwa haliwezi kuuzwa ndilo lililouza. Ule mkusanyaji wa santuri anayeona "Death" kwenye kibandiko cha mwaka wa 1976 hawezi kuirudisha kwa sanduku. Wangeitwa jina la kawaida, pengine zile nakala zingekuwa bado zinaoza kwenye gereji ya mtu. Sisemi David alilijua hilo. Au labda alilijua, yule jamaa alikuwa na mambo yake.

Ukitaka kuwasikiza, usianze na filamu, itakufanya ulie kabla hujasikia gitaa. Anza na "Freakin Out", ni fupi, halafu "Keep on Knocking", halafu "Politicians in My Eyes" bila kufanya kitu kingine chochote. Sauti juu kabisa. Kama unakaa kwenye ploti yenye kuta kama karatasi, ngoja majirani waende kazi kwanza.